Mashini haife na uzee: vyombo vya kupasulia wanyama, na swali la nani anavitunza

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, wakati masasi yalikuwa yanalia ndani ya Goma, umeme na maji vimekatika, Kamati ya kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitoa onyo lenye watu wengi hawakulitarajia. Tarehe 28 Januari, kutoka Geneva, ilisema iko na wasiwasi juu ya labo ya INRB ya Goma, mahali panawekwa sampuli za magonjwa makali, Ebola ikiwa ndani. Umeme ukikosekana, sampuli hizo zingeweza kukosa ulinzi.

Siku ile wengi walielewa kwamba labo si nyumba tu yenye mashini ndani. Inaomba kulishwa kila siku kama mtoto: umeme, maji, pyesi, na mtu mwenye kujua. Ikikosa hata kimoja, mashini inabakia palepale, inang'aa, lakini haifanye kazi. Au mbaya zaidi: inafanya kazi vibaya, na hakuna anayejua.

Leo tunatazama upande wenye hauongelewi sana: labo na vyumba vya kupasulia wanyama, kwa masomo, kwa utafiti na kwa matunzo. Mtu anaweza kuuliza: katika nchi yenye watu wanakosa hata kitanda cha hospitali, kwa nini tuongelee chombo cha kupasulia mbuzi? Juu ng'ombe wa mfugaji wa Masisi ni banki yake, mbuzi wa mama wa Walungu ni minerval ya watoto, na munganga atakayewatunza anajifunza kazi yake kwa vyombo hivyo. Kama vyombo vinamdanganya, atajifunza uongo.

Wapi kazi hii inafanyika

Kwa upande wa masomo, nchi yetu iko na vitivyo vya uganga wa wanyama kama kile cha Chuo kikuu cha Lubumbashi na kile cha Chuo kikuu cha Kikatoliki cha Graben, UCG, huko Butembo. Hapo ndipo wanafunzi wanashika kisu mara ya kwanza, wanajifunza kulaza mnyama usingizi, kufungua tumbo, kushona na kufuata kidonda mpaka kipone.

Kwa upande wa wanyama wa pori, Kivu inajulikana dunia nzima. Kikundi cha Gorilla Doctors, kilichoanza mwaka 1986, kinatunza sokwe wakubwa, wenye tunaita gorila, katika Kongo, Rwanda na Uganda. Huko Rumangabo, ndani ya hifadhi ya Virunga, kuko kituo cha Senkwekwe kwa gorila yatima. Huko Lwiro, Kivu ya Kusini, kituo cha wanyama wa jamii ya nyani kilianza mwaka 2002, pembeni ya majengo makubwa ya utafiti yenye Wabelgiji waliacha.

Kazi hiyo iko na matunda yanayopimika. Utafiti uliotolewa mwaka 2011 ulifuata gorila wa milima ya Virunga kuanzia 1967 hadi 2008. Vikundi vyenye vilizoea watu na kufuatwa kila siku viliongezeka kwa asilimia 4.1 kwa mwaka. Vile havikuzoea watu vilipungua kwa asilimia 0.7. Watafiti walisema matunzo ya waganga yanaweza kueleza hadi asilimia 40 ya tofauti hiyo. Kutoa kamba ya mtego ndani ya nyama ya mguu, kushona kidonda: ni upasuaji, na unaomba vyombo safi.

Hatua ya kwanza: mvuke na urefu wa milima yetu

Tuanze na mashini yenye kila chumba cha upasuaji kinaitegemea: otoklavu, chungu cha mvuke chenye kuua vijidudu kwenye makasi, visu na vitambaa. Sheria inayofundishwa kila mahali ni nyuzi 121 za joto kwa dakika 15 angalau, kuhesabu kuanzia wakati joto limefika, kisha hewa yote imetoka ndani.

Lakini vitabu vingi vinahesabu kama vile tuko kando ya bahari. Sisi hatuko. Goma na Bukavu ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na Butembo iko juu zaidi. Kwa urefu huo hewa ni nyepesi, na maji yanachemka karibu na nyuzi 95, hayafiki 100. Mama yeyote aliyepika maharagwe huku na kule anajua tofauti.

Kwa otoklavu, hii si jambo dogo. Saa ya presha haipime presha yote ndani ya chungu. Inapima tu kile kimezidi hewa ya nje. Kando ya bahari, sindano ikionyesha bar 1 na kidogo, ndani kuko nyuzi 121. Goma, sindano ikionyesha vilevile, ndani kuko karibu 118 tu. Mtu atasema nyuzi tatu ni kitu gani? Kwa vijidudu vyenye ganda gumu, kama vile vya pepopunda, nyuzi tatu zinapunguza nguvu ya kuua karibu nusu. Maana yake, kwa presha ileile, inafaa kuacha muda karibu mara mbili, ao kupandisha sindano hadi karibu bar 1.2 kama chungu chenyewe kimetengenezwa kwa kubeba hiyo. Otoklavu za kisasa zenye zinapima joto moja kwa moja hazina shida hiyo. Lakini zile za mkono, na vyungu vya presha vyenye kuwekwa juu ya makala, ziko nayo.

Sasa fikiri mwanafunzi mwenye anafanya utafiti juu ya namna ya kushona tumbo la mbuzi. Mbuzi watatu kwa kumi wanatoa usaha. Ataandika kwamba uzi ni mbaya, ao dawa ni dhaifu. Kumbe ni chungu hakikufika joto. Kosa la sindano moja linakuwa «matokeo ya utafiti», na mwaka ujao mwingine atajenga juu yake.

Ile karatasi yenye kubadilika rangi, yenye kuwekwa juu ya kifurushi, inasema tu kifurushi kimepita kwenye joto. Haisemi vijidudu vyote vimekufa. Kipimo chenye kuaminika ni chupa ndogo yenye vijidudu vigumu, inaingizwa pamoja na vyombo, kisha inaangaliwa kama kuko kitu kimebaki hai. Mahali chupa hizo hazipatikane kila wiki, hata mara moja kwa miezi mitatu ni afadhali kuliko hapana.

Maji ya ziwa, maji ya mvua

Maji ndiyo adui wa pili, na sisi wa kando ya Kivu tunamjua kwa jina. Maji ya ziwa letu yamejaa madini. Ukichemsha kila siku, ndani ya birika kunabakia ukoko mweupe. Ukoko uleule unashika chuma cha kupashia joto ndani ya otoklavu. Chuma kinapata joto kupita kiasi chini ya ukoko, kinapasuka, na watu wanasema «mashini imekufa». Haikufa. Imenyongwa polepole na maji, siku kwa siku.

Wengine watasema: basi tutumie maji ya mvua. Ni wazo nzuri katika milima mingi, lakini karibu na Nyiragongo inaomba uangalifu. Watafiti wamepima mvua inayopita ndani ya moshi wa volkano na kukuta ina asidi na floridi, na asidi inakula chuma. Dawa ya kweli ni maji yaliyotoneshwa, yenye mvuke wake umekusanywa. Mtambo mdogo wa kutonesha maji ni rahisi kuliko kununua otoklavu nyingine.

Hapa tuongeze jambo moja lenye lilitoka kwenye miaka yetu ya Ebola. Kati ya 2018 na 2020 tulijifunza kunawa na kusafisha kila kitu kwa klori, na desturi hiyo iliokoa watu. Lakini klori na javeli zinakula visu na makasi ya upasuaji. Chombo chenye kulala usiku ndani ya javeli kinatoka na madoa, kisha kutu, kisha makasi hayakate tena vizuri. Kwenye kutu ndipo damu inajificha, na mvuke haipite. Njia nzuri ni ya zamani: kuosha mara moja damu ingali mbichi, kwa sabuni na burashi, kufungua kila kiungo, kusuuza, kukausha kabisa, tone la mafuta ya vyombo kwenye kiungo, kisha otoklavu.

Umeme wenye kwenda na kurudi

Delestaji tunaijua sisi wote. Lakini mashini nyingi hazife wakati umeme unakwenda. Zinakufa wakati unarudi. Umeme ukirudi kwa nguvu ya ghafla, kadi ndogo ya ndani inaungua. Na frigo yenye inawashwa palepale inalazimisha mota yake kusukuma wakati gesi haijatulia.

Kwa hiyo kuko mambo matatu yenye hayaombe msaada kutoka ngambo. La kwanza, kutoa mashini kwenye priza umeme ukikatika, na kungoja dakika kadhaa kisha kurudi kwake. La pili, kuweka sanduku la kutuliza umeme mbele ya mashini yenye kadi ndani. La tatu, kuhesabu mapema ni mashini gani inapashwa kubaki kwenye batri ao kwenye jenereta. Frigo ya baridi kali, yenye sampuli za damu na tishu za miaka mingi, ndiyo ya kwanza. Taa ya kupasulia ni ya pili. Televisheni ya ofisi haimo katika orodha hiyo, hata kama chifu anataka kufuata mpira.

Mtambo wa maji wa Matebe, huko Rutshuru, wenye uwezo wa megawati 13.8, ulibadilisha maisha ya watu wengi wa Goma. Lakini Januari 2025 ilionyesha kwamba hata umeme mzuri unapita kwenye nyaya, na nyaya zinapita kwenye vita. Labo isiyo na njia ya pili ni labo ya wakati wa amani tu.

Usingizi: mahali kosa halirudi nyuma

Mnyama hawezi kusema «ninasikia maumivu» ao «ninakosa pumzi». Mashini inasema kwa niaba yake. Ndiyo maana vyombo vya usingizi vinaomba mikono ya makini kuliko vyote.

Mashini yenye kutoa pumzi ya oksijeni kutoka hewa ya kawaida iko na kitambaa cha kuchuja vumbi. Vumbi la lava ya Goma ni kali. Linaziba kitambaa upesi. Kikiziba, mashini bado inanguruma, lakini oksijeni yenye inatoka imepungua. Kuosha kitambaa kwa maji na sabuni kila wiki, na kukikausha, hakuombe fundi.

Chupa yenye kupima dawa ya usingizi ya kuvuta, isoflureni, haipashwe kulazwa ao kupinduliwa ingali na dawa ndani. Ikipinduliwa, inaweza kutoa dawa nyingi mno, na mnyama akafa kwa dakika chache. Sasa fikiri safari ya chombo hicho juu ya pikipiki, Bukavu hadi Lwiro, ao ndani ya kamyo kwenye barabara ya Butembo. Kabla ya safari, inamwagwa yote. Kisha safari, inapimwa mbele ya kulaza mnyama wa kwanza.

Chokaa yenye kunyonya pumzi chafu inabadilika rangi ikichoka. Lakini ikipumzika usiku, rangi inaweza kurudi, na mtu wa asubuhi anafikiri ingali nzuri. Hapa mashini haisaidie. Kinachosaidia ni kaye: tarehe ya kuweka chokaa mpya, saa ngapi imetumika, jina la aliyeandika.

Kaye hiyo ndogo ndiyo chombo rahisi kuliko vyote, na ndiyo inakosekana upesi kuliko vyote.

Hesabu ya dunia

Hatuko peke yetu katika shida hii. Utafiti uliotolewa mwaka 2011 na Lora Perry na Robert Malkin ulikusanya hesabu za vyombo zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye uwezo mdogo. Karibu asilimia 38 havikuwa vinafanya kazi. Sababu kubwa walizotaja si vita wala uzee: ni kukosa mafunzo, kukosa uongozi wa vyombo, na kukosa umeme na maji mazuri.

Mwaka mmoja mbele yake, Malkin na mwenzake walitazama maombi ya kutengeneza vyombo katika hospitali 60 za nchi 11. Kati ya vyombo vyenye havikuwa vinatumika, asilimia 72 vilirudi kazini bila kuagiza pyesi kutoka ngambo. Vilitengenezwa kwa ufundi wa kawaida: umeme mdogo, mota, bomba, visuri, na kufundisha mwenye kutumia. Ni kazi yenye fundi wa radio, wa pikipiki na wa frigo wa Goma ao Bunia anaweza kujifunza.

Hesabu hizo ni za hospitali za watu. Lakini otoklavu haijui kama kisu kitaingia kwa mtu ao kwa ng'ombe. Mashini ni zilezile, na vyumba vya wanyama mara nyingi vinapokea zile hospitali za watu zimeacha.

Nani ni mwenye mashini?

Hapa ndipo tunafika kwenye kiini. Chombo kikitolewa na mradi, siku ya kukitoa kuko picha, hotuba na fanta. Siku ya kubadilisha kifuniko cha mpira chenye thamani ya dola chache, hakuna mtu. Mradi umeisha. Chuo kinasema chombo ni cha mradi. Profesa anasema ni kazi ya fundi. Fundi anasema hajalipwa. Mashini inabakia yatima.

Desturi ya wenye kazi hii duniani ni kutenga kila mwaka asilimia 5 hadi 10 ya bei ya chombo kwa ajili ya kukitunza. Otoklavu ya dola 4,000 inaomba basi dola 200 hadi 400 kwa mwaka. Kama mwenye kutoa hawezi kuahidi hizo, na mwenye kupokea hazipate, ni afadhali kupokea chombo kidogo chenye fundi wa hapa anaweza kukifungua. Zawadi yenye kufungwa kwa kodi ya siri, yenye inaomba fundi wa ndege, si zawadi kwa mji wenye uwanja wake wa ndege ulifungwa Januari 2025 na kupitisha miezi mingi bila ndege za biashara.

Wengine watajibu: vita ikiisha ndipo tutaongea vyombo. Tunaelewa uchungu wa jibu hilo. Mshahara haufiki, banki zilifunga, watu walikimbia. Lakini kufunika darubini kwa kitambaa hakungoje amani. Kuandika kaye hakungoje amani. Na pale pyesi hazifiki, kutunza ndiyo njia pekee yenye inabakia, juu hakuna chombo cha kurudisha kile kimekufa.

Deni kwa mnyama

Kuko pia swali la haki. Mwaka 1959, watafiti wawili wa Uingereza, William Russell na Rex Burch, waliandika kanuni tatu zenye zinafuatwa mpaka leo kwa utafiti juu ya wanyama: tafuta njia nyingine kama iko, punguza hesabu ya wanyama, punguza maumivu yao. Watu wengi wanafikiri kanuni hizo ni maneno ya kamati. Lakini mashini mbaya inavunja zote tatu kwa mara moja. Mnyama anaumia juu usingizi haukutosha. Kazi inarudiliwa juu matokeo hayaaminike, na wanyama wengine wanaingia. Na yule wa kwanza alipasuliwa bure.

Mkulima wetu analielewa hilo bila kitabu. Huwezi kuchinja mbuzi kisha uache nyama ioze.

Maswali ya kuuliza

Wewe mfugaji, mzazi wa mwanafunzi, ao kiongozi wa mtaa, huombwe kujua kutengeneza otoklavu. Lakini uko na haki ya kuuliza. Kwenye chuo, kwenye kituo cha mifugo, kwenye kabine ya munganga wa wanyama, maswali matano yanatosha: Nani jina lake limeandikwa kama mlinzi wa mashini hii? Kaye yake iko wapi, na mara ya mwisho iliandikwa lini? Maji yenye inakunywa yanatoka wapi? Umeme ukikatika katikati ya kupasua, mnafanya nini? Na mwaka huu, franga ngapi zimetengwa kwa kuitunza?

Wenye kutoa misaada nao waulizwe kabla ya kukata utepe: mafunzo ni ya siku ngapi, na kwa nani, pyesi za miaka miwili ziko ndani ya kasha? Wasimamizi wa vitivyo wanaweza kufanya jambo lenye halihitaji mradi: kuita mafundi wa mji, wale wa frigo na wa mota, wakae na wanafunzi siku moja kila mwezi, mashini zote zifunguliwe, zipanguswe, zipimwe. Mwanafunzi atakayetoka hapo akijua kubadilisha fyuzi na kusoma sindano ya presha kwa urefu wa mji wake, atamsaidia mfugaji wa Lubero hata mahali hakuna priza.